Mfuko Uliofika Kapolowe

Mfuko ulikuwa umelala juu ya meza ya Inspekta Clovis Kapya tangu Jumatatu, na kufikia Ijumaa asubuhi kila mtu aliyeingia ofisini alikuwa ameshautolea hukumu.

Ulikuwa mfuko mweupe wa nailoni, wa aina iliyozoea kubeba unga. Mdomo wake ulishonwa kwa uzi mweusi, na mshono ule haukuguswa. Mkunga Germaine, mwenye zahanati ndogo upande wa Kapolowe, aliupasua ubavuni kwa kisu, kama duka lilivyowafundisha wateja wake wote: lalamiko halipokelewi ikiwa mshono wa mdomo umekatwa. Ndani alikuta pakiti kumi na mbili za chumvi, miche kumi ya sabuni na pakiti nne za mishumaa. Alikuwa ameagiza kinini, sindano na serumu.

Barua yake ilikuwa fupi. «Watoto sita wamelala hapa na homa. Narudisha mfuko wenu, pamoja na nusu yangu ya kitambaa, ili msiseme nimedanganya.»

Naibu wa mwendesha mashtaka alikuwa ameimaliza kesi kwa sentensi mbili. Mshono ni mzima, kwa hiyo dawa ilibadilishwa kabla ya mshono. Kabla ya mshono, mfuko unashikwa na mtu mmoja tu, naye ni Albertine, mfungaji wa mizigo wa duka la Maison Tujikaze. Jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha ya watu watakaopelekwa gereza la Buluo siku hiyo, saa tisa alasiri.

Saa mbili na nusu, inspekta aliagiza aletwe.

Albertine alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye vidole vilivyokomaa kwa sindano. Mumewe alipanda treni ya Kasai mwaka uliopita pamoja na Wakasai wenzake waliofukuzwa. Yeye alibaki Likasi. Siku nne katika amigo, mahabusu ya polisi, hakuna aliyemletea chakula isipokuwa mlinzi mmoja aliyemgawia muhogo.

«Mama, angalia huyu mushono. Ni ya nani?»

«Ni yangu, papa. Siwezi kuukana. Minye naanzaka na mafundo mbili, namalizaka na mafundo tatu. Hata ukinifunga macho, nitaijua na vidole.»

«Na ndani uliweka nini?»

«Kinini, karto nane. Masindano. Serumu. Nilifunga yote mu gazeti na maganda ya mahindi, juu batu ba mu njia basipapase na kujua kintu kiko ndani.»

«Alors dawa iligeuka chumvi mu njia?»

«Minye si mufumu, si muganga, papa.» Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. «Siku ine sasa, mushono, mushono, mushono. Hakuna hata moja aliniuliza habari ya kitambaa.»

«Kitambaa iko. Kijani, njiwa mweupe, ya jubilé ya parokia. Mama Germaine ameleta nusu yake, ni ileile.»

«Rangi ni ileile. Na meno?»

«Meno gani?»

Albertine alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzuri aliyekosa hesabu rahisi.

«Papa, ile mambo ya kitambaa ni minye nilianzisha. Mwaka ya tisini na mbili, nyuma ya pillage, ile maduka iliporwa. Karto ilikwisha, posta ilikufa, na bashoferi bengine habajue kusoma. Nilisema: muteja atume mufuko yake mwenyewe. Akate kipande ya kikwembe mara mbili, lakini akate kwa kupinda-pinda, kama meno ya ngwena. Nusu ashone ku mufuko, nusu abakie nayo. Siku ya kupokea, baunge. Kama meno inaingiana, toa mufuko. Kama haiingiane, rudisha.»

«Na banaungaka?»

«Mwanzo, eeh. Sasa banaangalia rangi, basi, banaendelea. Kila mutu na haraka yake.» Aliinamisha kichwa. «Weye uliunga?»

Inspekta alifungua faili, akatoa nusu ya Germaine iliyobanwa kwenye barua, akainama juu ya mfuko na kuisogeza taratibu hadi kando ya kiraka kilichoshonwa pale. Kijani kwa kijani, njiwa kwa njiwa. Lakini makali hayakukutana. Alikigeuza kitambaa juu chini, akajaribu tena. Halafu alihesabu kwa ncha ya kalamu. Kiraka cha mfuko kilikuwa na meno saba, ya kina kirefu. Nusu ya Germaine ilikuwa na meno matano, mafupi, yaliyokatwa na mkono uliozoea kukata bandeji.

«Huu mufuko,» alisema, «uliushona ni weye. Lakini si mufuko ya Mama Germaine.»

«Minye nimesemaka nini?» Albertine alisema kwa sauti ya chini.

«Hukusema.»

«Hakuna mutu aliuliza.»

Inspekta aliandika mstari mmoja katika daftari lake, akatazama saa, akaufunga mfuko nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira.

*

Maison Tujikaze ilikuwa jengo refu karibu na stesheni, lenye paa la bati lililoshikwa na mawe. Zamani liliuza vitambaa, masufuria na redio. Sasa theluthi mbili za rafu zilikuwa tupu, na duka liliishi kwa maagizo ya vijijini, ambako hakuna tena mtu aliyepeleka kitu.

Mwenye duka, Rolly, alivaa tai hata siku isiyo na mteja.

«Inspecteur! Nilizani mambo imekwisha. Mwizi iko mu amigo, no?»

«Onyesha minye njia ya commande, patron. Kutoka barua mupaka gari. Usirukie kintu.»

Rolly alitazama mfuko mgongoni mwa baiskeli, akaita: «Marlène! Mufuatane na papa.»

Marlène alikuwa karani. Mguu mmoja wa miwani yake ulikuwa umefungwa kwa uzi. Alieleza kazi kwa utaratibu, bila kuruka.

Barua ya mteja inafika na dereva, imekunjwa ndani ya mfuko mtupu wenye kiraka. Marlène anasoma barua, anaandika agizo katika kitabu. Kila barabara ina kitabu chake: Kapolowe, Kambove, Kamatanda. Anatia namba juu ya mfuko. Barua na mfuko vinakwenda nyuma kwa Albertine, ambaye anachota vitu kwenye rafu kimoja kimoja, anapiga alama kwenye barua, anafunga kwa gazeti na maganda, anashona. Kisha mfuko unasimama ukutani, chini ya jina la barabara yake lililoandikwa kwa rangi. Gari likija, mpakiaji anapakia ukuta mmoja kwa mara moja. Anayepokea anaonyesha nusu yake ya kitambaa, anatia sahihi kwenye karatasi, na karatasi inarudi dukani.

«Hii namba unaandika na nini?»

«Na chaki, papa.»

«Kwa nini si wino?»

«Wino?» Marlène alicheka. «Bic iko moja mu maison mzima. Patron akienda mu kabine, mu choo, anaenda nayo.»

Rolly alikohoa. Inspekta aliufungua kutoka kwenye baiskeli mfuko aliokuja nao, akageuza kila upande kwenye mwanga wa mlango. Hakukuwa na namba. Pembeni palikuwa na ukungu mweupe, kama chaki iliyofutwa kwa kitambaa chenye maji. Aliinua macho. Juu ya ukuta wa Kapolowe, doa la kahawia lilishuka kutoka kwenye bati hadi chini sakafuni.

«Mvua iliingia lini?»

Marlène alifikiri. «Siku ya pili, Jumanne, ya ile juma ingine. Usiku kucha. Asubuhi yake, Floribert, mupakiaji, alihamisha mifuko yote.»

«Basi ni Floribert!» Rolly alisema upesi. «Minye nilisemaka, ule muntu aangaliwe.»

Nyuma ya rafu, mtu mnene mwenye mabega ya kubeba mizigo alijitokeza akiwa na ufagio mkononi.

«Patron, siku ya kwanza ulisema Albertine. Leo Floribert. Kesho utasema ni panya.»

«Ongea na inspecteur, usiongee na minye!»

Inspekta alivuta kigoda, akaketi. Alimwacha Floribert asimame kidogo, kwa kuwa mtu mkubwa akisimama mbele ya mtu aliyeketi huwa hajui mikono yake aiweke wapi. Mikono ya Floribert iliupata ufagio, ikatulia. Huyu hakuwa akificha kitu, alikuwa akikumbuka.

«Mifuko ilikuwa ngapi?»

«Makumi tatu, papa. Maji ilikuwa mupaka hapa.» Alionyesha kifundo cha mguu. «Nilibeba yote juu ya comptoir, moja juu ya ingine. Maji ilipokauka, nikairudisha ku bukuta.»

«Chaki ilikuwa imefutika. Ulijua namna gani mufuko huu ni ya bukuta gani?»

«Vitambaa, papa. Minye najua bateja bangu bote na vitambaa. Kikwembe mangu-mangu ya mustari ni ya Kambove. Flanele nyekundu ni Kamatanda. Jubilé ni Mama Germaine, Kapolowe. Miaka mbili, hakuna muntu mwingine anatuma jubilé.»

«Mifuko ya jubilé uliona ngapi ile siku?»

«Moja.» Alisema bila kusita. Kisha akasita. «Nilitafuta moja. Nilipoipata, nikaiweka Kapolowe. Sikutafuta ya pili.»

«Na ku mwisho, mifuko yote ilipata bukuta yake?»

«Moja ilibakia. Ilikuwa imelala, kitambaa chini. Nikahesabu: Kamatanda ilikuwa inapunguka moja. Flanele nyekundu haikuonekana. Nikasema, bon, ni ile.» Ufagio uliinama mkononi mwake. «Nikaibeba hivyohivyo. Sikuigeuza.»

Inspekta alimgeukia Marlène. «Leta kitabu ya Kamatanda. Na ya Kapolowe. Weka pamoja, fungua yote mbili.»

Ilionekana hakuna aliyewahi kuviweka vitabu hivyo viwili juu ya meza moja. Marlène alipitisha kidole chini ya ukurasa wa Kamatanda, akasoma kwa sauti: «Mama Sephora, biashara ndogo. Chumvi, pakiti kumi na mbili. Sabuni, miche kumi. Mishumaa, pakiti ine.» Aliacha kusoma. Aliutazama mfuko uliokuwa wazi sakafuni, kisha akavua miwani.

«Coïncidence,» Rolly alisema. «Chumvi, sabuni, bougie, nani haagizake? Na tena angalia: signé. Bien reçu. Ule mama alipokea mufuko yake, alitia sahihi. Kama alikuta kinini mu mahali pa chumvi, angenyamaza siku kenda?»

Inspekta alikubali kwa kichwa. Hoja ilikuwa nzuri, na aliiandika.

«Na ingine, papa,» Marlène alisema kwa huzuni, kama mtu asiyependa kusema kweli inayomwumiza rafiki. «Mama Sephora ni muntu ya maombi. Beye banasema jubilé na njiwa yake ni sanamu. Kikwembe ya bakatoliki, atafanya nayo nini? Yeye anatumaka flanele nyekundu.»

Hiyo pia aliiandika. Kwa nini alinyamaza? Kitambaa alikitoa wapi? Maswali mawili, na kabla ya gari la Buluo yalibaki masaa manne tu.

Rolly alimfuata hadi kwenye baiskeli. Alingoja Marlène asiwe karibu.

«Inspecteur, nakuomba kama ndugu. Acha ile mambo ya Kamatanda. Mwizi moja, namufukuza, bateja banasikia, kesho banarudia. Lakini kama banasikia kama Maison Tujikaze inachanganyaka mifuko, nani atatuma tena mufuko yake? Maison itakufa.»

«Mama Albertine alale Buluo, juu ya jina ya maison?»

Rolly alirekebisha tai yake. «Atatoka. Miezi mbili, tatu. Maison ikikufa, haifufuke.»

Inspekta alipanda baiskeli bila kuaga.

*

Njia ya Kamatanda ilikuwa na matope mekundu, na mara mbili alilazimika kuibeba baiskeli pamoja na mzigo wake. Alifika saa sita na nusu. Kibanda cha Sephora kilikuwa kimefungwa kwa ubao, na mbele yake wachimbaji wawili wa malakiti, wenye vumbi la kijani hadi kwenye nyusi, walikuwa wakigawana mkate kwa kuvunja.

«Kama unatafuta sabuni, papa, utangoja Yesu arudie,» mmoja alisema, na mwenzake akacheka.

Ndani ya ua, msichana mkubwa alikuwa akipepeta mahindi. Alisema jina lake ni Providence, wifi wa Sephora.

«Yaya Sephora hayuko. Iko ku mulima, mu jeûne, anafunga na kuomba. Siku makumi mbili na moja. Leo ni ya kumi na tano.»

«Kuna mufuko ulikuja kutoka Maison Tujikaze.»

«Eeh. Nilipokea minye. Uko chini ya kitanda.»

«Mulikuta nini ndani?»

«Hatukufungua.» Providence alishangaa kuulizwa. «Alisema: mufuko ikifika, pokea, tia sahihi, weka chini ya kitanda, usifungue. Bintu bya biashara inaleta mawazo, na mawazo inavunja jeûne. Minye najua kama mufuko iko wazi, nitaanza kuuza, batu batakuja, na kelele itafika kule ku mulima.»

Swali la kwanza lilikuwa limekufa hapo hapo, kwenye ungo. Inspekta aliketi juu ya jiwe.

«Na kitambaa, mwanangu? Yaya alikuwaka anatuma flanele nyekundu.»

Providence alitazama chini, kisha akacheka kwa aibu. «Unajua, yaya alikuwaka mu bamama catholiques. Kikwembe ya jubilé alilipia mu kidogo-kidogo mwaka mzima. Alipookoka, pasteur alisema: ile haivaliwe tena. Kuchoma, aliona huruma, kikwembe ni kipya. Kupana kwa muntu, huyo muntu angeivaa. Alors alikata-kata. Ingine ya kushikia chungu, ingine ya mutoto wa jirani, ingine ya kutuma mufuko. Flanele ilikuwa imekwisha.»

«Wapi nusu yenu?»

Ilining'inia kwenye msumari, juu ya mlango. Inspekta hakuigusa bado. Aliomba aletewe mfuko wa chini ya kitanda. Providence aliuburuta hadi ukumbini, kisha akasimama mbele yake na mikono kiunoni.

«Papa, kufungua, hapana. Hata kama weye ni commandant. Yaya atanifukuza.»

«Sifungui. Naangalia kiraka tu.»

Alitoa nusu ya Germaine, ile yenye meno matano mafupi, akaisogeza kando ya kiraka cha mfuko ule. Jino la kwanza liliingia kwenye pengo lake. La pili, la tatu. Njiwa aliyekatwa katikati alipata kichwa chake, na la mwisho likafunga kama kitasa.

Kisha alileta mfuko kutoka kwenye baiskeli. «Sasa toa yenu ku musumari. Unga weye mwenyewe.»

Providence aliunga. Vidole vyake vilisimama kwenye jino la saba.

«Yesu,» alisema.

«Hapa kuna chumvi, sabuni na mishumaa. Pakiti ya chumvi ni kumi na mbili, hesabu. Huyu njo mufuko yenu. Ule wa chini ya kitanda ni dawa ya batoto ba Kapolowe. Na mama aliyeushona, saa tisa banamupeleka Buluo, juu banazani ameiiba.»

Msichana alitazama mlima, halafu mfuko, halafu mlima tena.

«Minye pia niliangalia rangi,» alisema hatimaye. «Shofer aliniuliza, nusu iko wapi, nikainua hivi, yeye akainua kidole, basi. Tungeunga, tungejua siku ileile.» Aliushika mfuko wa dawa kwa pembe mbili. «Beba, papa. Yaya akinifukuza, atanifukuza. Lakini andika karatasi, na weye tia sahihi.»

Waliandika karatasi pamoja, juu ya ungo uliopinduliwa. Inspekta alirudia kila neno kwa sauti kabla ya kuliandika, ili Providence awe shahidi anayejua alichoshuhudia. Saa yake ilionyesha saa saba na dakika arobaini.

*

Lori la Buluo lilikuwa limeshawashwa inspekta alipoingia uani mwa kituo cha polisi. Watu saba walikuwa wamepangwa mstari, na wa nne alikuwa Albertine, mwenye furushi dogo kifuani. Hakumtazama inspekta. Alitazama mfuko ulio nyuma ya baiskeli, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mdomo wake, kwenye uzi mweusi.

Rolly alikuwepo. Alikuja kutia sahihi lalamiko lake, na kalamu ya duka ilikuwa mfukoni mwake.

«Orodha imekwisha fungwa,» alisema naibu wa mwendesha mashtaka, kijana mwenye muhuri mkononi. «Hoja yako ni nini, inspekta?»

«Ni hii.» Inspekta aliuweka mfuko juu ya meza, akaweka nusu ya Germaine kando yake na kuiunga bila haraka. «Mheshimiwa alisema mshono ni mzima, kwa hiyo kilichomo ndani ni kile alichotia mshonaji. Mimi nakubali. Naomba tuufuate mshono huo hadi mwisho. Huu hapa ni mfuko wa mkunga Germaine. Kitambaa chake kinauthibitisha. Tangu ulipotoka dukani haujafunguliwa. Anza hapa, mafundo mawili. Maliza pale, mafundo matatu. Kata.»

Naibu alisita, kisha akachukua wembe na kukata. Maganda ya mahindi yalimwagika juu ya orodha. Chini yake gazeti, na ndani ya gazeti karto za kinini. Alizihesabu mwenyewe, zikawa nane. Kisha sindano. Kisha serumu.

Inspekta alieleza mengine kwa maneno machache: mvua, chaki, mfuko uliolala kifudifudi, wifi aliyekatazwa kufungua. Aliweka karatasi ya Providence mezani. Hakumtaja Floribert kwa ubaya, na alipomaliza alimgeukia Rolly.

«Patron alitaka mwizi. Mwizi hayuko. Kuna kazi iliyogawanywa vizuri, na kipande kimoja cha kazi hiyo mliacha kukifanya, kwa sababu ya haraka.»

Naibu alipuliza maganda kwenye orodha, akakata jina la nne kwa mstari mmoja. «Watu sita,» alimwambia dereva kwa sauti, kana kwamba alikuwa akisahihisha hesabu ya mtu mwingine.

Mlinzi alimletea Albertine bahasha ya vitu vyake: rozari, kibonge cha uzi mweusi, na sindano kubwa ya mifuko. Hakushukuru mtu. Aliuliza tu: «Gari ya Kapolowe inatoka saa ngapi?»

«Saa kumi, ku soko,» inspekta alisema. «Nitapanda minye mwenyewe nayo.»

Albertine aliuvuta mfuko hadi kwenye ngazi, akaketi, akarudisha karto ndani moja moja, akazizungushia gazeti na maganda. Alitia uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, bila kuulamba. Lori lilitoka uani likiwa na watu sita. Aliinua macho, akalifuata hadi lilipopinda, kisha akaanza: mafundo mawili.

Rolly alishuka ngazi polepole, akasimama karibu naye.

«Mama Albertine. Siku ya kwanza, Jumatatu, urudie ku kazi. Kama kawaida.»

Sindano iliendelea. Alipofika karibu na mwisho wa mdomo, aliichomeka ndani ya nailoni, akachukua nusu ya Germaine kutoka kwa inspekta na kumpa Rolly.

«Patron, ikala hapa. Unga.»

Rolly alitazama huku na huko. Kisha aliikunja suruali yake magotini, akachuchumaa, akasogeza kitambaa kando ya kiraka.

«Inaingiana,» alisema.

«Haukuangalia.»

Tai yake ilikuwa imeangukia juu ya mfuko. Aliitupa begani, akainama zaidi, akapitisha kidole kwenye makali, jino baada ya jino, midomo yake ikihesabu.

«Tano,» alisema.

«Sasa inaingiana,» alisema Albertine, na akafunga fundo la kwanza kati ya matatu.